Buibui Aliyemuuma Akida

Kinole, 6 Februari 1912

Kwa mdogo wangu Mikidadi, mkalimani wa bomani Morogoro, mwenye kanzu isiyoshika vumbi.

Salamu nyingi kutoka kwangu, dada yako Mwajuma. Huku sote tu wazima. Mvua imenyesha mpaka tumechoka kuishukuru. Bibi Mwanaasha, kungwi wetu, bado anakohoa na bado anavuta kiko, na ukimwambia aache anakuuliza kama wewe ndiye Mungu. Mbuzi wako ninayekutunzia amezaa mapacha, mmoja anafanana na wewe kwa kulialia. Mpwa wako Chausiku bado yumo ndani. Tangu mavuno yaliyopita jua halijamwona, na mavuno haya yajayo tutamtoa. Wewe ndiye mjomba wake, kwa hiyo wewe ndiye utakayemshika mkono kumvusha mlango mbele ya watu. Tafuta nguo nyingine ya siku hiyo, maana hiyo kanzu ya bomani watoto wakiiona watakimbilia msituni wakidhani umekuja kudai kodi.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu.

Ijumaa alipita Akida Stambuli na askari wake wawili. Alisema anakagua pamba. Pamba yangu iko bondeni, yeye akaikagulia barazani kwangu, amekaa. Mimi nilikuwa shambani. Unajua nyumba ndogo ya mwali iko nyuma ya yangu, mlango wake ni wa matete, umefungwa, na chini umeachwa upenyo wa kupitishia chakula. Siku ile nilikuwa nimempikia Chausiku kuku wa nazi, chungu nikakisukuma ndani hapo hapo kwenye upenyo. Akida akanusa. Yule mtu akiwa Mkuyuni anajua nani kachinja Kinole. Basi akapiga magoti, Mikidadi, akida mzima na kilemba chake, akaingiza mkono kwenye mlango wa mwali kutafuta chungu. Pembeni ya upenyo kuna buibui jike, mkubwa, wa kahawia, amekaa na mfuko wake wa mayai tangu mvua za kwanza. Mkono ukambana ukutani. Akauma.

Niliposikia ukelele nilidhani nguruwe kanasa mtegoni. Nilipofika nikamkuta akida anarukaruka uani, kidole kimekuwa muhogo.

Sasa anasema alikuwa ametulia barazani, buibui akashuka kutoka kwenye paa, akamwandama, akamrukia, akamuuma. Anasema buibui hamrukii mtu mzima bila kutumwa, na aliyemtuma ni mimi. Ati mimi mchawi wa buibui! Anasema atanishtaki bomani na nyumba ile ya mwali ichomwe moto kwa kuwa imejaa wadudu wakali.

Askari wake watasema atakavyo yeye; mwingine aliyeona yote ni Chausiku peke yake, na mwali hatoki wala sauti yake haisikiwi na wanaume. Kwa hiyo shahidi sina. Nakuomba jambo moja tu: mwambie bwana shauri, huyo Mzungu mwamuzi wenu, kwamba buibui hamfuati mtu alipokaa. Akiuma, ujue mtu ndiye aliyemfuata kwake.

Dada yako,
Mwajuma


Morogoro, 27 Februari 1912

Dada Mwajuma, shikamoo.

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa na inanuka ndizi mbivu. Mwambie mchukuzi wako aibebe kofiani. Mimi sijambo, ila kazi ni nyingi. Bwana shauri wa zamani amekwenda kwao Ulaya, amekuja mpya. Kiswahili chake ni "lete" na "upesi", basi mchana kutwa ni mimi naitwa huku, mimi naitwa kule. Nimehamia nyumba ya mabati karibu na stesheni ya reli. Mvua ikinyesha tunazungumza kwa mikono, lakini ni nyumba ya heshima.

Jambo la Akida Stambuli limenisikitisha. Kidole chake nimekiona kwa macho yangu. Tena, dada, habari za buibui si nyepesi kama mnavyozifikiri huko milimani. Hapa yuko Mzungu mmoja, tunamwita Bwana Buibui, aliyetoka Ulaya kuja kukusanya buibui wa milima yetu. Siku nyingine namfuata kumfasiria. Nimeona chupa zake. Kuna buibui wanaochimba mashimo, kuna wanaoruka, kuna wanaowinda kwa miguu bila utando. Kwa hiyo usiseme kwa kujiamini sana kwamba buibui hamrukii mtu. Elimu hii ni pana. Huenda wapo wenye ukali wa kuzaliwa nao.

Mimi nakushauri kama ndugu. Mpelekee akida kuku wawili na maneno laini. Mwambie nyumba ilikuwa chafu, buibui wamezidi, akusamehe. Jambo litakufa lenyewe. Wakubwa hawapendi kuulizwa mkono wao ulikuwa wapi.

Nguo ya kumtolea Chausiku nitainunua dukani kwa Mhindi, ya rangi nzuri.

Mdogo wako mtiifu,
Mikidadi, Mkalimani

Uniwie radhi kwa herufi za Kizungu. Za Kiarabu zimeanza kunitoka.


Kinole, 15 Machi 1912

Marahaba, Mkalimani.

Herufi za Kizungu sizijui, na wewe unajua kwamba sizijui. Marehemu mume wangu alinifundisha zile za chuoni tu, Mungu amrehemu. Basi nimeshuka na barua yako mpaka misheni kwa Alois, mtoto wa mama yetu mdogo, yule aliyebatizwa na sasa analima kabichi za mapadri. Alinisomea kwa sauti yake ya kanisani, katikati ya tuta, na wapalizi wote wakaacha majembe. Alipofika pale pa "mpelekee kuku wawili" mama mmoja ilibidi akae chini. Sasa milima yote inaujua ushauri wako, na watoto wakiniona wananiuliza kuku wa akida wamefika wangapi.

Yaani mtu anatia mkono chunguni mwangu, halafu nimpelekee kuku! Angeumwa vidole vyote ningemchinjia na mbuzi?

Na nyumba yangu chafu! Wewe uliyekuwa hufagii mpaka mama akufuate na mwiko! Buibui yule nimemwacha makusudi. Anakula mende na mbu, mwanangu analala. Tangu mvua za kwanza Chausiku anakunja na kukunjua mkeka wake karibu naye. Bibi Mwanaasha huingia na kutoka na kiko chake kinafuka. Mimi hupitisha chungu pembeni yake asubuhi na jioni. Hajamgusa hata mmoja wetu. Huo ukali wa kuzaliwa nao alikuwa anamwekea akida peke yake, au vipi?

Wala asiseme hakujua. Kwao Pwani nao huwaweka wali ndani. Anajua vizuri mwanamume akitia hata ukucha kwenye mlango ule amefanya kitu gani. Angesema ukweli wa mkono wake, wazee wa kwao wangekuwa wa kwanza kumtemea mate. Ndiyo maana dhambi yote anamtwika mdudu.

Wito wa bomani umekwisha kuja, natakiwa mwezi wa Mei. Nimeogopa, sikufichi. Bibi Mwanaasha anasema nyumba ya mwali ikivunjwa kabla ya siku yake, tulichomfundisha chote kimemwagika. Na wale watu wa Bigwa waliomposa watarudi nyuma. Nani atachukua mwali aliyetolewa kwa moshi kama panya? Silali, Mikidadi. Chausiku naye anajua. Ananiuliza kupitia upenyo: "Mama, mjomba amesema nini?" Namwambia mjomba yuko bomani, mjomba anajua kusema na Wazungu.

Sitaki habari ya elimu. Nakuuliza tu: siku hiyo utasema?

Mwajuma


Morogoro, 20 Aprili 1912

Dada, shikamoo.

Nimezikumbuka herufi za chuoni. Alois apumzike, alime kabichi.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa Bigwa na Bwana Buibui tukipindua mawe. Nakwambia, dada, Wazungu wana wazimu wa aina nyingi, lakini huu sikuwahi kuuona. Alimkamata buibui mkubwa wa kahawia, bila shaka ni ukoo mmoja na wako, akamweka mkononi mwake, ngozi tupu! Mimi nilikuwa nimeshapanda juu ya gogo. Buibui akatembea mpaka kwenye kiwiko, akasimama, akatembea tena, akataka kushuka. Bwana akampulizia moshi wa kiko, buibui akakimbia. Akamchokoza kwa unyasi, akakimbia. Akamziba njia kwa kidole. Buibui akanyanyua miguu ya mbele, akatisha, lakini hakuuma. Mwisho Bwana akamkandamiza kwa kiganja. Ndipo alipouma. Mkono ukavimba, na Mzungu anacheka kama aliyepata mtoto wa kiume! Akaniambia: "Umeona? Anaogopa. Anauma akikosa pa kukimbilia." Nilimwambia hata mimi naogopa, naomba nishuke kwenye gogo.

Kuhusu swali lako. Kazi ya mkalimani ni kupitisha maneno ya watu, si kutia ya kwake. Ukiulizwa jambo, nitapitisha jibu lako. Zaidi ya hayo, Bwana Buibui ameitwa siku hiyo aje aeleze habari za buibui kwa bwana shauri, Mjerumani kwa Mjerumani. Una bahati kubwa.

Jambo jingine dogo, wala halihusiani na hili. Akida Stambuli ametaja jina langu kwa bwana shauri. Anahitaji naibu upande wa Matombo. Usimwambie mtu bado.

Mikidadi


Kinole, 2 Mei 1912

Mdogo wangu,

Huku wazima, mbuzi wazima, kikohozi cha Bibi Mwanaasha kizima.

Barua yako nimeisoma mwenyewe mara tatu, na ya nne nimemsomea Chausiku kwenye upenyo. Pale ulipopanda gogo tumecheka wote wawili. Basi hata Mzungu anajua! Kumbe jambo ni jepesi. Mzungu atasema buibui hamuumi asiyembana. Bwana shauri ataniuliza mkono wa akida ulikuwa wapi. Nitamwambia. Wewe utapitisha. Basi, sikuombi ujasiri, sikuombi upigane na mtu. Pitisha tu kama ulivyosema.

Naja na Alois. Nitakuletea machungwa.

Mwajuma


Kinole, 3 Juni 1912

Mikidadi,

Tu wazima. Salamu zimeishia hapo.

Kwa kuwa bomani hukuniangalia hata mara moja, huenda hukunijua. Mimi ndiye yule mwanamke wa kaniki aliyesimama mbele yako na kapu la machungwa. Wewe nilikujua kwa tarbushi nyekundu. Akida alikuja na kidole kimefungwa kitambaa cheupe, mwezi wa nne sasa. Mtu angedhani kakatwa vitani. Akaeleza alivyorukiwa. Naapa alimwongezea buibui mbio mpaka nikaona huruma kwa yule mdudu, hajawahi kukimbia hivyo maishani mwake.

Halafu Mzungu wa chupa akasema. Kijerumani sikijui, lakini mikono niliielewa: alitembeza vidole juu ya mkono wake, akakandamiza kwa kiganja, akatikisa kichwa. Bwana shauri akamtazama akida, akanitazama mimi, akauliza. Wewe ukanigeukia ukitazama ukuta: "Bwana anauliza, mkono wa akida ulikuwa wapi buibui alipomuuma?"

Nikafurahi! Nilieleza yote. Mlango, upenyo, chungu, kuku, magoti. Nikamwambia mwali yumo ndani na aliuona mkono ukiingia, na kama bwana hasadiki, Bibi Mwanaasha yuko tayari kumsikiliza mwali na kuja kusema. Nilieleza mpaka koo likakauka. Wewe ukamgeukia bwana, ukasema maneno kama matano, sita. Bwana shauri akainua mabega, akaandika.

Juzi wamekuja askari na moto. Walisema amri ni kwamba kwenye nyumba ile buibui wanaweza kubanwa na mtu bila kujua, hivyo ni hatari kwa wakubwa wanaopita. Bibi Mwanaasha alilala mlangoni, wakambeba na kiko chake wakamweka kando. Tulimtoa Chausiku tumemzungushia mikeka, nimembeba mgongoni, mtu mzima yule, wanaume wote wa kitongoji wamegeuza nyuso ukutani ili wasimwone. Wanaume wa shamba, Mikidadi, wachafu wa matope, waligeuza nyuso. Alikuwa analia hana sauti, maana alifundishwa asisikike. Yuko kwa Bibi Mwanaasha sasa. Watu wa Bigwa wametuma salamu fupi.

Nina swali moja. Maneno yangu yalikuwa mengi. Ya kwako mbona yalikuwa machache?

Mwajuma


Morogoro, 18 Juni 1912

Dada yangu mpendwa, shikamoo sana.

Habari zako zimeniumiza mno. Nimeshindwa kula mchana mzima. Nakutumia kwa mchukuzi huyu vitambaa viwili, sukari na sabuni ya kunukia kwa ajili ya Chausiku.

Kuhusu ulichouliza: usishangae. Kijerumani ni lugha inayobana maneno. Mambo ambayo sisi tunayasema kwa pumzi tatu, wao wanayashindilia kwenye neno moja refu. Aliyesomea ndiye anayejua. Mimi nilipitisha.

Tena tumshukuru Mungu, hukufungwa wala hukupigwa. Imeungua nyumba ya matete tu, itajengwa nyingine.

Nimeteuliwa naibu wa Akida kule Matombo. Ni heshima kwa ukoo mzima. Nawaza kwamba Chausiku tumtolee hapa mjini, kwangu, kwenye nyumba ya mabati, tuite ngoma kubwa, hata Akida atakuja na zawadi, na maneno yote yataisha. Unaonaje?

Mdogo wako,
Mikidadi, Naibu


Kinole, 22 Julai 1912

Naibu,

Nimepata mgeni. Yule Bwana Buibui wako amepanda mpaka kwangu na chupa zake, bila mkalimani. Amejifunza Kiswahili cha kwake mwenyewe, kibovu, lakini kinapita. Alitaka kumwona buibui wa shauri lile. Nikamwonyesha majivu. Akachutama, akachokora majivu kwa kijiti, akauliza: "Mayai pia?" Nikamwambia mayai pia. Machozi yakamlenga. Mimi na mwanangu hakutuuliza tulilala wapi, lakini kwa yale mayai alisikitika kweli, sitamnyima haki yake.

Halafu akasema: "Mama, kwa nini wewe hapana sema? Mimi nasema kwa bwana mkubwa, buibui huyu hapana mkali, yeye naogopa tu, uliza mkono iko wapi. Bwana mkubwa nauliza. Wewe nasema hapana jua."

Nikamwambia nilisema. Akatikisa kichwa. "Hapana. Mkalimani nasema: mama hapana jua, mama kuwa shamba."

Nikamkalisha kitako, nikamweleza yote upya, mlango, upenyo, chungu. Nilipopiga magoti kumwonyesha akida alivyofanya, uso wake ulibadilika. Alisema neno kwa lugha yao. Nadhani lilikuwa la kushindiliwa, maana lilikuwa moja tu na lilimtoka kwa nguvu.

Kwa hiyo Kijerumani kinabana. Kimebana mlango, kimebana chungu, kimembana mwanangu, kimebakisha shamba.

Sitaki nguo, ziko hapa hazijafunguliwa. Nataka kujua kitu kimoja kwa mdomo wako, kwa herufi zozote uzipendazo. Yule mdudu nilijua kwa nini aliuma. Alikuwa amebanwa na kiganja, na nyuma yake kuna mayai. Wewe mimi nilikubana wapi? Nilikuja na machungwa.

Mwajuma


Morogoro, 14 Agosti 1912

Dada Mwajuma, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Unadhani bomani ni mahali pa kusimama ukasema. Njoo ukae siku moja. Mkalimani aliyekuwa kabla yangu alifasiri maneno ya mkulima mmoja dhidi ya akida, neno kwa neno, sawasawa kama yalivyosemwa. Akida alisema mkalimani amedanganya. Walimlaza kifudifudi uani, wakampiga viboko hamsa ishirini mbele ya watu wake, mimi nikiwa nimesimama pale nahesabu kwa sauti kwa sababu niliamriwa nihesabu. Sasa anauza maji stesheni, hakai vizuri mpaka leo. Siku ya shauri lako, kabla hujaingia, Akida Stambuli alinipita mlangoni akasema, "Mikidadi, mgongo wako bado mzuri." Basi, ndilo alilosema.

Sikutaka kukuumiza, dada. Wallahi sikukuuma kwa ukali. Niliogopa. Niliona mahali pa kukimbilia hapapo.

Sikatai kwamba cheo nimekipata. Lakini ningekikataa ningesema sababu gani?

Nakuomba usiniharamishie Chausiku. Unajua kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Hawa wa kwangu ni wa kwa mama yao, wakikua wataitika kwa wajomba zao. Mimi wangu ni wako. Jina la babu zetu likitoka kwangu haliendi kwa mwingine ila kwa Chausiku na atakaowazaa. Nisipomshika mkono siku hiyo, mimi ni nani kwenye ukoo? Nijulishe siku tu. Nitakuja kwa miguu, sina askari, sina tarbushi, nitakaa nyuma ya wote mpaka niitwe.

Ndugu yako,
Mikidadi


Kinole, 9 Septemba 1912

Kwa Mikidadi.

Nimekusoma. Ya yule mwenzako aliyepigwa yamenisikitisha. Mpelekee maji ya kunywa badala ya kununua ya kwake. Na hofu yako naisadiki. Tangu utoto ukiogopa huwa husemi uongo, unasema nusu. Nimekaa na barua yako siku kadhaa nikitafuta pa kukusamehe, na pengine nitapapata, maana mimi na wewe tumenyonya ziwa moja. Lakini buibui alipoogopa alimuuma aliyembana. Wewe akida alikubana ukaniuma mimi. Hilo ndilo limenikwama, halimezeki wala halitemeki.

Siku ya Chausiku imekwisha pita. Hatukuichelewesha. Bibi Mwanaasha alimfundisha upya usiku na mchana kwa jazba mpaka kikohozi chenyewe kikamwogopa. Watu wa Bigwa walikuja, Dadi mwenyewe yule mchumba alitangulia mbele. Alisema nyumba iliyochomwa kwa sababu akida aliiba chakula cha mke wa Dadi ni nyumba ya kujivunia. Tulicheka kidogo. Tulihitaji.

Pale mlangoni Bibi Mwanaasha akauliza kama inavyoulizwa: "Mjomba wa mwali yuko wapi? Aje amshike mkono." Watu wote walijua. Alois alikuwa amesimama pembeni na rozari yake shingoni na udongo wa kabichi kwenye kucha, hajui kama aende au abaki, ananitazama mimi. Nilikuwa nataka kusema uko njiani. Mpaka pale, Mikidadi, nilikuwa bado nataka kusema uko njiani.

Akasema Chausiku mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza wanaume wa Kinole kuisikia sauti yake tangu aingie ndani, na alisema kwa sauti kubwa, wa nyuma wakasikia.

Alisema, "Sina. Mama alizaliwa peke yake."

Kisha akanyoosha mkono, na Alois akaja akaushika.

Mwajuma